Spika za Chumba cha Justa

Nyumba ya Mzee Elinaza pale Suji ina chumba ambacho mafundi walikishangaa. Hatua kumi na nne kwa hatua tisa, hakina nguzo katikati wala ukuta wa kukikata. Fundi wa kwanza aliuliza kama ni ghala. Wa pili akauliza kama mzee anafungua kanisa lake. Wa tatu hakuuliza kitu, akajenga, na huyo ndiye aliyeimaliza kazi.

Vipimo havikuwa vya Elinaza. Vilikuwa vya Justa, mkewe, ambaye alivipima kwa miguu yake mwenyewe siku moja asubuhi, kanga kiunoni, akitembea kwenye majani na kuhesabu kwa sauti. Hapa watasimama sauti ya kwanza. Hapa sisi wa sauti ya pili. Hapa wanaume, na muwe nyuma kabisa, maana mnapenda makelele. Alitaka kwaya ya mtaa wao wa Kilutheri ipate mahali pa kufanyia mazoezi wakati wa masika, kwa kuwa kupanda mpaka kanisani kwa utelezi wa Suji si mchezo. Ukuta ulipofika kwenye linta, juu ya madirisha, Justa akaugua. Kabla tofali la mwisho halijapandishwa, akafariki.

Elinaza alisimamisha ujenzi mwaka mzima. Kisha akaendelea kwa ukaidi tu, kwa sababu hakuweza kuangalia kuta zile zimesimama wazi zikinyeshewa. Akapaua, akaweka vigae, akapaka rangi. Chumba kikaisha, kikawa kizuri, na hakukuwa na wa kukitumia. Ile kwaya ya zamani ilikwisha kutawanyika: wengine wako Dar kwa watoto wao, wengine wako makaburini, na wachache waliobaki magoti hayawaruhusu kupanda kilima chake. Basi akaamua kitakuwa chumba cha kusikilizia muziki. Mwanawe Rodgers alipiga simu kutoka Mwanza akamsifu sana, akamwambia siku hizi kuna spika ndefu nyembamba za kuweka chini ya televisheni. Elinaza akamwambia asante, akakata simu.

Muziki wenyewe ulikuwa kanda moja.

Kanda hiyo ilirekodiwa kanisani mwaka 1986, kwaya ikijiandaa kwa mashindano. Ndiyo pekee iliyobaki yenye sauti ya Justa. Picha zake zipo nyingi, hata video moja ya harusi ya Rodgers, lakini mle kwenye video yumo anagawa pilau, mdomo umefungwa. Sauti yake ilikuwa kwenye kanda tu, katikati ya watu thelathini na wanane.

Niwaeleze kuhusu redio iliyoirekodi, maana bila hiyo hakuna hadithi. Ilikuwa redio kaseti ya Justa, alikuja nayo siku alipoolewa, na alikuwa mkali nayo kuliko vitu vyake vyote. Enzi hizo Suji hakukuwa na umeme. Redio ililishwa betri, mawe kama tulivyoyaita, na mawe yalikuwa yakipatikana kwa shida, tena kwa kufahamiana na mwenye duka. Yakichoka, Justa aliyaanika juani kwenye jiwe la kufulia, yakichoka zaidi aliyang'ata kwa meno, na yalipokufa kabisa aliyazungumzia kwa huzuni. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: wimbo ukiisha, zima. Usingojee sekunde. Wenzetu wa Moshi husema Wapare ni bahili. Waseme watakavyo, lakini hawakuwahi kuishi na Justa na mawe yake.

Elinaza aliijua sheria hiyo mpaka kwenye mifupa. Kila Jumapili baada ya ibada, kwa miaka mitatu tangu mazishi, alikaa na redio ile ile mapajani, kidole juu ya kitufe. Wimbo ulipigwa, "Amina" ya mwisho ilipotoka tu, kidole kilishuka. Redio ilikuwa imechomekwa ukutani, umeme wa kutosha, lakini kidole hakikujali. Na kila Jumapili alisikia ukungu wa sauti za watu, ndani yake Justa yumo, na asimwone.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo alilomficha kila mtu. Elinaza alifanya kazi miaka ishirini na nane Makanya, kwenye mashine ya kusaga jasi ya viwanda vya saruji, wakati ambapo kuziba masikio kazini kulionekana ni kujidekeza. Mwaka jana, daktari mmoja wa masikio huko Moshi alimketisha ndani ya kibanda kidogo, akamvisha vidude masikioni, akamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Elinaza alinyoosha mkono mara chache mpaka akaona aibu. Daktari akamweleza kwa upole kwamba sauti nzito zitabaki, nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka. Ndege, mlio wa simu, watoto, wanawake. Zikishaondoka hazirudi.

"Kwa hiyo zimekwisha?" aliuliza Elinaza.

"Bado. Lakini mzee wangu, kama kuna kitu unataka kukisikiliza, kisikilize sasa."

Alirudi Suji na maneno hayo na hakumwambia mtu. Alikuwa akijipa moyo kwamba kosa ni la redio ndogo, spika yake upana wa kiganja, imechoka. Kama angepata spika za maana, spika zenye nguvu za kukijaza chumba kile kikubwa, Justa angetoka kwenye ule ukungu. Angemsikia mara moja tu vizuri kabla masikio hayajafunga mlango. Ndicho alichokitaka, na alikitaka kwa moyo wote.

Same mjini, karibu na stendi, kuna duka la Nassoro. Babu yake aliuza nguo na chumvi kwenye gulio. Nassoro anauza spika na kukodisha muziki wa harusi, na kazi yake anaijua. Alimkaribisha mzee kwenye benchi, akamwamkia, akamwagizia soda. Kisha akauliza maswali kama daktari: chumba ni kikubwa kiasi gani, dari ni la nini, sakafu ni zulia au vigae, na muziki ni wa aina gani.

"Kwaya," alisema Elinaza.

"Basi mzee wangu huhitaji sabufa kubwa. Sabufa ni ya kutikisa, ni ya ngoma na gitaa la besi. Kwaya ni watu. Watu wanataka spika safi za katikati, na utulivu ndani ya chumba." Akaonyesha spika mbili za mbao kwenye rafu, si kubwa, mtu angeweza kuzibeba kwapani moja huku, moja huku. "Hizi."

Elinaza alizitazama kama mtu aliyeulizia ng'ombe akaonyeshwa sungura.

Msimcheke mapema. Huku kwetu milimani sauti ina kipimo chake, nacho ni mlima wa pili. Baba yake Elinaza alikuwa mpiga pembe wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kutengeneza njia. Jioni alipanda juu ya jiwe, akapuliza pembe, kisha akatangaza kwa mdomo mtupu: kesho asubuhi, kila nyumba mtu mmoja, na jembe lake. Kesho yake watu wa ng'ambo ya bonde wakija, baba alishusha pumzi. Wasipokuja, alitaniwa mwezi mzima kwamba pembe yake imeota ukungu. Elinaza alikulia hapo. Kwake yeye sauti iliyovuka bonde ndiyo sauti, na isiyovuka ni kunong'ona.

Basi alifanya ambalo angelifanya Mpare yeyote wa umri wake. Alimwambia Nassoro apige muziki kwenye kila spika kwa zamu, akatoka dukani, akavuka barabara kuu, akasimama upande wa pili na mikono nyuma, malori yakipita mbele yake. Zile za mbao hakuzisikia kabisa, akazikataa pale pale. Alichokisikia, na si kwa masikio tu bali kwa kifua na soli za viatu, kilikuwa sabufa mbili nyeusi, kila moja kama jokofu, na spika zake mbili ndefu juu.

"Hizi," alisema aliporudi, jasho likimtoka.

"Mzee, hizi ni za harusi."

"Na mimi nilifunga harusi."

Nassoro alicheka, akaona hapa hakuna mjadala. Wakakubaliana ampelekee Suji akazijaribu ndani ya chumba chenyewe, asipozipenda zirudi. Lakini siku ya kupakia, bila kusema neno, alizifunga zile mbili za mbao kwa blanketi akaziweka kwenye kiti cha mbele, pembeni yake.

Jumamosi saa nne asubuhi pikapu ya Nassoro ilifika ikitoka moshi. Ilikuwa imepanda kutoka Makanya kona baada ya kona, na Nassoro, mtu wa tambarare, alishuka akiwa ameng'ata meno.

"Shikamoo mzee. Nyie watu wa milimani mnaishi huku kwa kumkimbia nani?"

"Marahaba. Tunawakimbia nyie wafanyabiashara, na bado mnatufikia."

"Umeme upo?"

"Upo. Tangu nguzo zipande huku, swali hilo tumelisahau."

Majirani wanne walizibeba sabufa mpaka ndani. Nassoro aliingia chumbani, akasimama katikati, akapiga kofi moja. Chumba kikamjibu mara tatu. Akatikisa kichwa. Alisema kuta ni tupu mno, vigae vinarudisha kila kitu, panahitajika mapazia, magodoro, nguo ukutani, chochote laini. Elinaza alisema hayo ni ya baadaye. Sabufa zikawekwa pembeni, moja kila kona, na waya ukatolewa kwenye tundu la hedifoni la redio ya Justa mpaka kwenye amplifaya. Redio yenyewe Nassoro aliiweka mezani karibu na mlango, kwenye soketi.

Elinaza akapiga simu ng'ambo ya bonde, kwa Devotha. Huyu Devotha ni mdogo wake Justa, waliimba bega kwa bega sauti ya pili tangu wakiwa wasichana, na ana umri ambao mtu husema analolitaka.

"Shemeji, toka nje usikilize."

Nassoro akabonyeza. Madirisha yalitetemeka. Jirani mmoja alishika kofia yake. Elinaza alibana simu sikioni akingoja.

"Ni nini hicho?" sauti ya Devotha ilikuja. "Mnatwanga?"

"Ni kwaya!"

"Kwaya gani inatwanga? Kuku wangu wote wamepanda juu ya mti!"

"Lakini unaisikia?"

"Nitaachaje kuisikia! Nakuja huko huko."

Elinaza aliweka simu mfukoni, uso umekunjuka. Imevuka bonde. Baba yake angemshika bega. Aliwashukuru majirani, wakaenda zao, akavuta kiti katikati ya chumba, akaketi wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, akamwambia Nassoro arudishe wimbo mwanzo.

Kilichotoka kwanza kilimfurahisha mno. Ilikuwa besi. Besi nene, yenye afya, ikipanda kutoka sakafuni na kumwingia mbavuni, na katikati yake akamtambua kijana mmoja mwenye umri wa miaka ishirini na tisa anayeimba kana kwamba kanisa zima ni lake. Ni yeye! Alikuwa amemsahau kijana huyo. Alikumbuka shati jeupe alilokuwa amevaa, lililokuwa na kola ndefu, na mafuta ya nywele aliyoazima, na ubao wa jukwaa uliokuwa ukilia chini ya kisigino chake. Alicheka peke yake. Kisha akamsubiri Justa.

Hakuja. Nassoro aliongeza sauti. Besi ikawa ukuta. Alipunguza, ukuta ukasogea, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Wanawake ishirini walikuwa wameimba siku ile, na Elinaza hakumsikia hata mmoja. Aliinamisha kichwa, akageuza sikio la kulia, kisha la kushoto. Akafumba macho. Kisigino cha kijana yule kikaendelea kupiga ubao, du, du, du.

Alinyoosha mkono, Nassoro akazima.

"Vipi mzee?"

Elinaza alitaka kumwuliza: wewe unawasikia wanawake? Lilikuwa swali jepesi, na hakuweza. Maana kama Nassoro angesema ndiyo, nawasikia vizuri tu, basi mambo yamekwisha. Spika hizi si ndogo, wala hazijachoka. Hakuna kingine cha kulaumu isipokuwa haya mawili yaliyo pande mbili za kichwa chake. Amechelewa. Miaka mitatu amekaa na kujenga na kupaka rangi, na wakati huo sauti ya mkewe ilikuwa ikiondoka masikioni mwake kidogo kidogo bila kuaga.

"Pakia vyombo vyako, Nassoro," alisema. "Ahsante kwa kujisumbua."

Nassoro alimwangalia. Alitoka nje kama anayeenda kufungua pikapu, akakaa tu kwenye ngazi ya mlango, akajishughulisha na kamba.

Devotha alimkuta hapo. Alikuwa ametelemka bonde na kulipanda, saa nzima, viatu mkononi, akiwa amejiandaa kugomba kuhusu kuku. Aliingia chumbani, akamwona shemeji yake kwenye kiti kimoja katikati ya chumba kile kikubwa, akaahirisha ugomvi.

"Kuna nini?"

Kwa huyu Elinaza aliweza. "Shemeji, nisikilizie. Mimi masikio yangu... Daktari alisema. Nisikilizie, uniambie kama unamsikia Justa."

Nassoro aliitwa, akarudisha wimbo, akaupiga kwa kiasi. Devotha alisimama mbele ya spika, mkono kiunoni, kichwa kimeinama upande. Alisikiliza ubeti wa kwanza, akasikiliza wa pili. Elinaza alimtazama midomo.

"Simsikii," alisema Devotha. "Wala mimi mwenyewe sijisikii, na nilikuwepo."

Elinaza alicheka. Machozi yalimtoka palepale na akaendelea kucheka, akayafuta kwa kiganja, yakatoka mengine. Hakuona haya. Hajachelewa, basi! Si masikio!

"Unachekea nini? Nakusikia wewe tu," Devotha aliendelea. "Wewe na kisigino chako. Redio uliiweka wapi siku ile?"

Kicheko kikakatika. Kwa sababu alijua aliiweka wapi. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesema iwekwe katikati, kwenye kigoda mbele ya madhabahu, watu wote wawe mbali nayo sawasawa. Elinaza aliitikia vizuri, na mwalimu alipogeuka alikibeba kigoda na redio yake akavisogeza mpaka mbele ya safu ya besi, hatua tatu kutoka pua yake. Alitaka wenzake wa Makanya waisikie sauti yake. Justa alimwona kutoka safu ya pili, akamwambia kwa sauti mbele ya watu, "Hapo utajirekodi mwenyewe." Kwaya yote ilicheka. Yeye naye akacheka, na hakuirudisha.

"Miaka mitatu nailaumu redio," alisema taratibu.

"Redio ilifanya ulivyoiambia," alisema Devotha. Hakusema kwa ukali. Aliketi sakafuni kwenye vigae, akanyoosha miguu yake yenye vumbi, akangoja.

Ndipo Nassoro alipokohoa. "Mzee, naomba nijaribu kitu. Ikishindikana napakia kweli."

Alichomoa nyaya za sabufa zote mbili, akazigeuza sabufa zenyewe uso ukutani kama watoto waliokosa. Akaenda kwenye pikapu akarudi na lile blanketi, akazifunua zile spika mbili za mbao. Aliomba stuli mbili, akazipandisha mpaka usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, mbali na kona. Akachukua kamba yake akapima: kutoka spika hii mpaka ile, kutoka hii mpaka kiti, kutoka ile mpaka kiti, kamba ile ile. Elinaza alimtazama akipima na akamkumbuka mwingine aliyekipima chumba hiki kwa miguu, akihesabu. Devotha naye alikuwa amekwisha inuka bila kuombwa. Alifungua sanduku la chumbani la dada yake, akatoa vitenge, akavitundika kwenye misumari ya mapazia ukuta mzima wa nyuma, vya harusi, vya kwaya, vya msiba. Godoro likaegeshwa kona moja, blanketi nyingine. Nassoro akapiga kofi. Chumba hakikujibu.

"Sasa," alisema.

Elinaza aliketi. Kutoka kitini mpaka mezani ilipo redio ni hatua saba.

Wimbo ulianza mdogo, akadhani hauji. Kisha akagundua kwamba hajibani mbavu tena. Besi ilikuwepo, yule kijana yupo, lakini amepungua, amekuwa mtu kati ya watu. Kwa mbali, nyuma ya mabega ya wanaume, kulikuwa na mwanga wa sauti nyingine. Hazikuwa na majina. Mwishoni mwa ubeti wa pili, wanaume waliposhika pumzi, Devotha aliinua kidole.

"Hapo. Ni sisi. Mimi na yeye."

Ilikuwa nusu ya neno. Elinaza aliipokea. Hakuweza kumtenga mmoja na mwingine, akajua hatoweza, si kwa spika hizi wala kwa nyingine yoyote duniani, kwa sababu kilichoharibika hakikuharibikia dukani bali kanisani, siku ile ya kigoda. Kilimuuma. Hata hivyo alikuwa ameisikia ile nusu, na alijiambia kwamba itamtosha, kwamba mtu huishi na nusu.

Wimbo ukafika mwisho. "Amina" ikavutwa, ikashuka, ikakatika, na kidole cha Elinaza kikashuka nayo.

Kikagonga goti lake. Hakukuwa na kitufe hapo. Kitufe kilikuwa mlangoni, na Nassoro aliyesimama jirani nacho hakufanya kitu, maana watu wa harusi hawana desturi ya kuzima. Elinaza alishika mikono ya kiti ainuke. Kanda iliendelea kuzunguka. Mtu alikohoa ndani yake. Benchi likaburutwa. Halafu zikasikika hatua kwenye ubao wa jukwaa, nyepesi, za haraka, zikija mbele, zikija karibu na redio kuliko alivyokuwa yeye, kuliko alivyokuwa mtu mwingine yeyote siku ile.

"Elinaza, zima basi, mawe yanaisha!"

Ilikuwa hapo. Katikati ya spika mbili, kimo cha mtu, na kicheko ndani yake, na ule mkwaruzo mdogo aliokuwa nao baada ya kuimba. Hakukuwa na kwaya, wala ukungu. Devotha alijifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Haya," alisema Justa. "Nazima mwenyewe."

Ta.

Kikabaki kile kivumo cha kanda tupu. Elinaza alikuwa amesimama nusu, mikono bado kwenye kiti, na alibaki hivyo. Miaka yote ile. Kila Jumapili. Alikuwa akiuonea huruma umri wa mawe, akimtii mkewe, na kila alipomtii alimziba mdomo akiwa hatua mbili tu kutoka kwake, anakuja.

Nassoro akanyoosha mkono kwenye redio ili azime.

"Acha," alisema Elinaza, akaketi tena taratibu. "Acha iende. Umeme upo."